Siku Malaba Ilipofufuka na Mzee Methuselah Akazikwa

"Wananchi watukufu wa Malaba na viunga vyake! Mnatangaziwa kwa heshima, taadhima na unyenyekevu wote kwamba Mradi wa Kufufua Malaba Kongwe na Ukingo wa Mto umemteua Mzee Methuselah Oduori, mwendesha baiskeli wa mwisho wa mpaka huu, kuwa kumbukumbu ya milele! Mzee wetu huyu, ambaye kwa karibu miaka hamsini ametuvusha na kuturudisha, sasa atasimikwa kando ya mto, atulie hapo daima, vizazi vipite vikimtazama! Nyote mnakaribishwa. Kutakuwa na soda."

Mtajwa mwenyewe alikuwa amechuchumaa karibu na daraja akijaza upepo gurudumu la nyuma. Pampu ikamkwama mkononi. Si maneno yaliyomkausha mate, ni gari. Gari lile la spika nne lilikuwa na kazi mbili tu pale Malaba: wikendi lilitangaza mikutano ya injili, na siku za kazi lilitangaza vifo. Leo ilikuwa Jumatano.

"Nimekufa lini?" alijiuliza, akaigusa shingo kutafuta mshipa. Ulikuwepo, lakini ulimwonea haya.

Okedi, kijana wa pikipiki ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kumchokoza mzee, alimfikia akicheka.

"Mzee, pole na msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako. Lakini umesikia mambo ya soda? Niwekee moja, ya machungwa."

Ni vizuri nikujulishe kwa huyu mzee kabla hajazikwa, maana baadaye kutakuwa na kelele nyingi.

Methuselah Oduori alizaliwa Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia, mwaka 1954. Mama yake, aliyekuwa amezika watoto wawili kabla yake, alimpeleka kanisani akasimama mbele ya padri na kusema anataka jina la yule aliyekaa duniani kuliko wote. Padri akampa. Miaka mia tisa sitini na tisa! Kijana akakua akilichukulia jina lile kama mkataba. Sasa alikuwa na sabini, kwa hiyo alibakiwa na mia nane tisini na tisa, na hakuwa tayari kusamehe hata mmoja.

Alikuja Malaba wakati wa magendo ya kahawa, akiwa na baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama ng'ombe. Kazi ilimpata yeye, si yeye aliyeitafuta. Kati ya geti letu la Kenya na geti la Uganda kulikuwa na kipande kirefu cha barabara ambacho magari hayakuruhusiwa kuchezea, na watu walichoka kukitembea na mizigo kichwani. Methuselah alifunga kipande cha sofa kwenye keria, akasema, "Panda." Tangu siku hiyo alivusha walimu, bibi harusi, padri aliyekumbatia jogoo, na bwana mmoja aliyevuka mara tatu kwa siku moja kwa sababu alisahau ni serikali ipi aliyokuwa anaikimbia. Alipata mke hivyo hivyo. Benedetta, binti wa Kiteso, alipanda akiwa na debe la wimbi, akalalamika njia nzima kwamba sofa lina kunguni, na mwezi uliofuata akahamia kwake ili alisafishe.

Halafu pikipiki zikaja. Wenzake wa baiskeli wakauza vyuma, wakafa, ama wakarudi shambani. Yeye akabaki barabarani, hasa kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ameshindwa.

Mtu huyu alikuwa na woga wa kawaida kwa vitu vya kawaida: malori ya mafuta yasiyo na breki, nyoka, watu wa forodha. Lakini kaburi tupu lilikuwa jambo lingine. Kwao Mundika, shimo likichimbwa kwa jina la mtu halikai bure. Ikitokea mgonjwa amepona baada ya watu kuharakisha, shimo halifukiwi hivi hivi. Unakatwa mgomba, unalazwa ndani kama maiti, unaliliwa kidogo, unafunikwa. Udongo unapewa chake, unanyamaza. Usipofanya hivyo, shimo linasubiri.

Baba yake mdogo ndiye aliyemfundisha somo hili, kwa kufa. Habari zilitoka hospitalini kwamba ameaga, shimo likachimbwa, kumbe aliyekufa ni mwingine wa jina kama lake. Ndugu mmoja aliyekuwa ameokoka wiki hiyo akasema mambo ya migomba ni ya shetani, wakarudisha udongo tu. Baba mdogo akarudi nyumbani Jumanne kwa miguu yake, akala samaki, akacheka. Ijumaa alikuwa mle mle. Wengine walisema ni ini. Methuselah, aliyekuwa na miaka tisa, alijua ni shimo.

Sasa elewa hali yake siku ya Alhamisi, pale mtu alipokuja kumpima.

Aliyekuja ni Vivianne, msimamizi wa mradi, dada mwenye viatu safi kupita kiasi kwa mji wenye matope ya malori. Alikuwa na futi ya fundi cherehani, daftari, na furaha.

"Mzee wetu! Simama wima. Tunakutengenezea sanamu. Wewe juu ya baiskeli yako, ukitazama mto. Nyuma yako maduka ya kale yamepakwa rangi, mbele yako watalii wamekaa kwenye viti. Unaiona picha?"

Methuselah aliiona picha tofauti. Katika maisha yake, mtu aliyekuwa akipima wenzake kuanzia kisigino hadi utosini alikuwa mmoja tu, seremala wa pale nyuma ya soko, na hakuwahi kuwapima wakiwa wamesimama.

"Futi tano, inchi sita," Vivianne aliandika. "Mabega... inchi kumi na saba. Umekonda, mzee. Haya, ulizaliwa lini?"

"Hamsini na nne."

Akaandika 1954, kisha akachora mstari mfupi, kisha akaacha pengo jeupe. Mzee alilitazama pengo lile. Lilimtazama pia.

"Dada, na hako kamstari?"

"Ni nafasi tu, mzee."

"Nafasi ya nini?"

"Ya baadaye. Kibao cha shaba hatuwezi kukifanya mara mbili, bajeti ni moja. Tunaacha nafasi, halafu... siku ikifika... tunajaza."

Alisema "siku ikifika" kwa sauti tamu, kama mtu anayezungumzia mvua za masika. Kisha akafunga daftari na kukumbuka jambo.

"Na baiskeli yako ndiyo itakayowekwa juu, yenyewe kabisa. Tutaimwagia simiti magurudumu. Unaona vile itakuwa halisi?"

"Dada, mimi sitaki."

"Hutaki nini?"

"Yote."

Vivianne akacheka, akamshika bega lile la inchi kumi na saba. "Mzee, programu imeshachapishwa."

Hapo ndipo wengi wetu huwa tunaishia katika mambo ya maendeleo. Mtu anaweza kubishana na mtu, hata na serikali, lakini nani amewahi kubishana na programu iliyochapishwa kwa rangi?

Ngoja niseme kidogo kuhusu huo ufufuo wenyewe. Malaba Kongwe ni maduka saba ya matofali, yenye baraza za nguzo, yaliyojengwa na Wahindi baada ya reli kufika, na ambayo hakuna mtu aliyejua kuwa ni kongwe mpaka wafadhili walipokuja na kamera. Ukingo wa Mto ni pale wanawake wanapofulia, madereva wanapooshea malori, na mbuzi wanapofikiria mambo yao. Mradi ulipaka maduka rangi ya ute wa yai, ukatandika matofali ya kabro kando ya maji, ukaweka viti kumi na viwili vinavyotazama ng'ambo, ambako kuna mandhari nzuri ya migongo ya malori ya Uganda. Kilichokosekana ni roho ya mji. Wakatafuta roho, wakampata Methuselah.

Tenda ya kujenga msingi wa sanamu ilitaka fundi mwenye uzoefu wa kujenga kumbukumbu. Walituma maombi wengi, lakini mmoja tu alileta albamu ya picha: fundi Mulama wa Khunyangu. Kumbukumbu arobaini na tatu, zote za taili, zote safi, zote na mtu chini yake.

Ijumaa asubuhi Mulama alishuka mtoni na jembe, koleo na kamba. Methuselah, aliyekuwa hajalala vizuri, alikuja kumtazama kwa mbali, kisha kwa karibu, maana kitu kinachokutisha kina tabia ya kukuvuta suruali. Mulama alikuwa kiunoni tayari. Shimo lilikuwa la futi saba kwa tatu, kuta zimenyooka, kona zimekaa sawasawa. Alikuwa fundi kweli, huwezi kumnyima hilo.

"Mulembe, mzee!" Mulama alimsalimu. "Wewe ndiye mwenyewe?"

"Mwenyewe wa nini?"

"Wa hii." Akapigapiga ukuta wa shimo kwa kiganja, kama mtu anayesifu godoro. "Nakuuliza, unapenda taili nyeupe tupu ama zile za maua ya buluu? Kawaida mwenyewe hachagui. Wewe una bahati."

Mzee alirudi hatua moja nyuma.

"Maua, basi," Mulama aliamua. "Nilibakiwa na boksi mbili kwa mteja fulani. Marehemu alikuwa mfupi kuliko familia ilivyosema."

"Fundi," mzee aliuliza, "msingi wa sanamu unachimbwa kwenda chini hivi?"

Mulama alisimama, akatazama kazi yake, na kwa mara ya kwanza akaonekana kushangaa. Shimo lilikuwa linaelekea futi sita.

"Kweli ni refu. Lakini unajua mkono ukizoea..." Akaendelea kuchimba ili asiharibu vipimo.

Saa sita mchana simu ikamlia. Kulikuwa na kazi ya haraka kwao Khunyangu, ya mtu ambaye hakuweza kungoja, tofauti na huyu. Mulama akaosha jembe, akafunika simiti na koleo kwa turubai. Shimo hakulifunika.

"Narudi Jumatatu!" alipaza sauti akipanda pikipiki. "Usihangaike, mzee, halihami!"

Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Shimo wazi, lenye jina lake, kando ya mto. Methuselah alihesabu kama mtu anavyohesabu hatua za mwizi juu ya mabati.

Jumamosi alikwenda kulichungulia mara tatu. Mara ya kwanza lilikuwa kavu. Mara ya pili mvua ilikuwa imenyesha, na kulikuwa na maji kidogo chini, na kwenye maji aliuona uso wake umelala chali ukimtazama. Mara ya tatu hakufika. Aligeuka kwenye kona ya posho mill, penye kinu cha unga. Jioni alianza kukohoa. Alijaribu kukohoa kwa namna ya mtu aliyepaliwa, lakini kikohozi hakikukubali kubadilishwa maana.

Benedetta alimpa uji akamtazama.

"Wewe nini inakusumbua?"

"Shimo."

"Shimo ni la simiti. Watamwaga simiti, basi."

"Ninyi Wateso hamwelewi."

"Sisi Wateso tunaelewa mtu akikataa uji wa wimbi amejitakia kifo mwenyewe. Kunywa! Na hiyo baiskeli unaangalia hivyo kwa nini? Si wamesema wataiweka juu?"

Ndilo lililokuwa likimmaliza. Shimo lilikuwepo. Kibao kilikuwa kinachongwa. Taili za maua zilikuwa kwenye boksi. Baiskeli ilikuwa imeitwa. Kwa hesabu yoyote ile, kilichokuwa hakijafika pale mtoni ni kitu kimoja tu, na kilikuwa kimekaa jikoni kinakunywa uji.

Jumapili, wakati watu wametoka kanisani na mji mzima umeinamia sahani, Methuselah alikwenda nyuma ya nyumba na panga. Alichagua mgomba wa saizi yake. Aliupima kwa macho: futi tano, inchi sita, mabega membamba. Akaukata, akaukokota nyuma ya choo, na hapo akasita. Udongo wa Mundika ulijua mgomba maana yake nini. Huu wa Malaba je? Huu ulikuwa wa Kiteso, huenda ukatazama ndani ya shimo, ukakuta ni mgomba tu, ukakasirika. Ilibidi ushawishiwe. Akavua koti lake.

Koti hilo lilikuwa la mvua, la kijani, lenye kiraka cha sofa mgongoni, na hakuna mtu kuanzia Amagoro hadi Tororo ambaye hakulijua. Aliuvisha mgomba, akafunga vifungo vyote vitatu, akaupandisha kwenye keria na kuufunga kwa mpira. Kisha akaenda zake, akikanyaga polepole katikati ya mji mchana kweupe, amejibeba mwenyewe.

Stejini, pale pikipiki zinapongojea abiria, alikuwepo Okedi peke yake, anatafuna mahindi.

"Mzee! Leo una abiria Jumapili? Mbona halijishiki?"

"Limelewa."

"Na limevaa koti yako?"

"Linasikia baridi."

"Linaenda wapi?"

Methuselah alitaka kudanganya, lakini kinywa kilikuwa kimekauka na uongo unahitaji mate. "Halirudi," alisema, akapita.

Kando ya shimo alifungua mpira na kuufunga tena, hadi mara ya nne ndipo akathubutu. Aliuteremsha mgomba kwa uangalifu, kichwa kwanza kisha akakumbuka, akaugeuza. Ukalala kwenye matope na koti lake, mikono mitupu ya koti imejikunja kifuani. Alijua anapaswa kulia kidogo. Alikuwa na wasiwasi kwamba machozi hayatakuja, lakini alipotazama kile kiraka cha sofa kule chini, yalikuja yenyewe, na mengi.

"Wewe ndiye Oduori," aliuambia mgomba. "Methuselah Oduori, wa Mundika. Umeishi vizuri. Usirudi." Kisha akaambia udongo, kwa heshima, "Umepata. Tumemalizana?"

 Akaurudisha udongo kwa koleo la Mulama hadi likabaki tuta dogo, akalipigapiga, akapanda baiskeli. Kwenye kona ya posho mill aligundua kwamba hakuwa amekohoa tangu asubuhi.

Jumatatu alfajiri akanywa uji vikombe viwili, akampata mteja wa kwenda Tororo, akaondoka anapiga mluzi.

Mulama alirudi saa mbili. Alikuta shimo lake halipo. Palikuwa na tuta, na pembeni mwa tuta, mvua ilipolegeza udongo, ncha ya mkono wa koti la kijani. Watu wengine wangesema pengine ni takataka. Mulama alikuwa mtaalamu. Alivua kofia.

"Jamani," alisema kwa sauti ya kazi, "huyu wamemharakisha."

Habari haikutembea, iliruka. Okedi alipoletwa na kuuona ule mkono, alikaa chini kwenye kabro mpya. "Jana nimemwona," alilia. "Amepita kwa steji. Nimemuuliza unaenda wapi, akaniambia, 'Halirudi.' Nikacheka! Mimi nikacheka!" Hakuna aliyemuuliza Okedi ni nani basi aliyekuwa akiendesha baiskeli. Msiba ukiiva hauna nafasi ya maswali ya namna hiyo. Vijana wa pikipiki wakakata matawi, wakayafunga mbele ya taa, wakawasha honi zote, msafara ukaelekea kwa Benedetta huku gari la spika nne likiongoza, kwa sababu, kama nilivyosema, ilikuwa siku ya kazi.

Saa tisa alasiri Methuselah alikata kona ya nyumbani kwake akakuta turubai, viti, moshi wa sufuria kubwa, na wanawake wamejishika vichwa.

Miguu ilisahau kukanyaga. Wazo lililomjia lilikuwa moja: udongo umeukataa mgomba. Umegundua. Umekuja nyumbani kudai, umekosa mume, umechukua mke.

"Benedetta!" alipiga kelele. "Benedetta wangu!"

Watu wakageuka, wakamwona. Kwa sekunde moja kila kitu kilisimama, hata moshi. Kisha uwanja ukafumuka. Mama mmoja alipita chini ya meza. Mzee wa kanisa alipita juu yake. Okedi aliacha pikipiki inanguruma akaingia kwenye ua wa miiba bila kuuliza bei. Katika ule uwanja mtupu, kati ya viti vilivyoanguka, alibaki mtu mmoja kwenye kigoda, anamenya ndizi: Benedetta.

Mzee akashuka baiskeli. Mke yuko hai. Basi huu msiba...

"Nani amekufa?"

"Wewe," alisema Benedetta bila kuinua macho. "Nimewaambia asubuhi alikunywa vikombe viwili. Wakasema mama amechanganyikiwa kwa uchungu, mshikeni. Ingia ule kabla hawajarudi."

Na kwa muda mfupi, nakuambia, aliamini. Aliamini kabisa kwamba jana alijichanganya, akalaza asiyestahili, akampeleka Tororo anayestahili. Alitazama chini kutafuta kivuli chake. Kilikuwepo, kirefu, kimeshika baiskeli. Alijifinya. Akaufinya mpira wa tairi, kwa ushahidi wa ziada. Ndipo akakaa chini kwenye vumbi na kumweleza mkewe yote, na Benedetta akaacha kumenya.

"Ule mgomba ulikuwa na mkungu?"

"Ulikuwa mchanga."

"Ungekuwa nao, ningekuzika na wewe," alisema.

Ili ijulikane ni nani basi aliyelala na lile koti, askari wawili walifukua mbele ya mji mzima, na Vivianne akiwa amefunika pua kwa programu. Vifungo vilipofunguliwa na mgomba ukaonekana, umetulia, umelowa, watu walisogea waone vizuri. Kisha mtu akacheka huko nyuma na ufunguzi wa mto ukaanza wiki moja kabla ya wakati. Okedi, amejaa mikwaruzo, hakucheka. "Mimi nimelilia ndizi," alirudia mara kadhaa.

"Mzee, umeniharibia!" Vivianne alimwendea. "Wageni wanakuja Jumatatu ijayo! Kwa nini?"

Methuselah alikuwa amesimama mbali na shimo, ambalo sasa lilikuwa wazi tena, mara ya pili, na anga ikianza kukusanya mawingu. Hofu ilimpa ulimi ambao maisha yote hakuwa nao.

"Dada, sikiliza. Huo mgomba unarudi chini sasa hivi, na koti. Mulama anamwaga simiti leo, si kesho. Baiskeli yangu haiguswi. Tafuta mifupa ya baiskeli kwa wauza vyuma. Na kile kibao, ile nafasi, unaijaza."

"Naijaza na nini? Wewe uko hai!"

"Mwaka huu. Andika mwaka huu. Oduori wa kibao amekwisha, amezikwa, watu wamemlilia, askari wameshuhudia. Hesabu imefungwa. Mimi ni mtu mwingine napita njia."

Vivianne alitazama programu. Alitazama mawingu. Mtu wa mradi anajua kitu kinapokuwa hakirudi nyuma. Halafu macho yake yakawaka kwa namna ya hatari. "Hii," alisema polepole akifungua daftari, "ni urithi wa kitamaduni. Wafadhili wataupenda." Na Mulama, ambaye hakupenda kuacha kazi nusu, alikuwa tayari ameulaza mgomba vizuri, mikono kifuani, kichwa mahali pake.

Siku yenyewe ilifika, na ilikuwa nzuri. Maduka saba yaling'aa. Soda zilikuwepo. Sanamu ya simiti ilikuwa imekaa juu ya baiskeli ya wauza vyuma, haifanani na mzee hata kidogo, inafanana zaidi na Okedi akiwa na malaria; chini yake taili nyeupe za maua ya buluu, futi saba kwa tatu, kitu ambacho kila mtu aliyekuwa pale alikijua ni nini na hakuna aliyesema. Mheshimiwa fulani aliyetoka mbali alivuta kitambaa. Hakuwa ameelezwa chochote. Alivaa miwani akasoma kibao, jina, mwaka, mstari, mwaka, na uso wake ukaingia huzuni iliyofanyiwa mazoezi.

"Ndugu zangu," alisema kwenye kipaza sauti, "kumbe mpendwa wetu ametuacha mwaka huu huu, bila kuona matunda ya jasho lake. Tusimame. Dakika moja ya ukimya kwa marehemu."

Mji mzima ukasimama, sababu ukiambiwa simama na soda bado haijagawanywa, unasimama. Methuselah, kiti cha mbele, alisimama pia. Kofia mkononi. Ilikuwa dakika ndefu kuliko zote alizowahi kuvuka. Alisikia maji ya mto. Alisikia moyo wake ukigonga, akauomba upunguze sauti, maana shimo lilikuwa pale mbele, hatua nne, na asingependa lisikie kuna mwingine. Alihesabu pumzi. Ya kumi. Ya kumi na mbili. Taili hazikupasuka. Simiti haikutikisika. Chini kule, aliyekuwa na koti alikuwa ametosheka.

Ndipo Benedetta akapiga chafya na Vivianne akamnong'oneza mheshimiwa sikioni, na mheshimiwa akabadilika rangi, akabadilika tena, akanyoosha mkono.

"Kumbe! Kumbe mzee mwenyewe tunaye hapa! Mungu ni mkubwa! Mleteeni kipaza sauti. Mzee Methuselah, shujaa wa mpaka, roho ya Malaba! Leo mji wako umefufuka, jina lako limeandikwa kwa shaba, vizazi na vizazi vitakuja kukutazama mahali hapa! Tuambie, mzee wetu, una neno gani kwa taifa?"

Mzee alikitazama kipaza sauti, akatazama daraja.

"Kuna mama pale na magunia mawili, ananingojea. Mmemaliza?"